Njia ya Kuwa Daktari Bingwa wa Mpangilio wa Meno: Somo kwa Watumishi wa Afya na Wagonjwa wa Nyanda za Juu Kusini

Utangulizi

Mtoto wa miaka minane anaporudi nyumbani Mafinga baada ya kung'olewa gego la utotoni lililooza, mzazi huona kwamba tatizo limekwisha. Maumivu yametoweka, mtoto anakula, na masomo yanaendelea. Miaka minne baadaye mzazi huyohuyo hurudi hospitalini akiuliza kwa nini chonge ya mwanawe imeota juu ya ufizi, nje ya safu ya meno mengine. Nafasi iliyoachwa na gego lile imekwishazibwa na meno ya jirani. Yalisogea taratibu, bila maumivu, na hakuna aliyeona.

Mwenye taaluma ya kuyarudisha meno hayo katika mpangilio wake ni daktari bingwa wa othodontia, yaani tawi la udaktari wa meno linaloshughulikia mpangilio wa meno na uhusiano wa mataya. Nchini Tanzania mabingwa wa fani hii ni wachache, na wengi wao hufanya kazi Dar es Salaam. Kutoka Iringa hadi huko ni karibu kilomita 500, na kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Si ajabu, basi, kwamba wazazi, walimu na hata watumishi wa afya huuliza maswali mawili kwa pamoja: mtu anakuwaje bingwa wa namna hii, na afanyeje mgonjwa ambaye bingwa yuko mbali naye?

Makala haya yanajibu maswali yote mawili. Baada ya kuyasoma, msomaji ataweza kueleza hatua za elimu zinazomfikisha mtu kwenye ubingwa wa othodontia. Kueleza kwa nini hatua hizo haziwezi kufupishwa. Na kutaja mambo ambayo tabibu au daktari wa meno wa wilaya anaweza kuyafanya kabla mtoto hajamfikia bingwa.

Othodontia ni nini

Jina othodontia limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja likimaanisha nyoofu na jingine jino. Ni fani ya zamani miongoni mwa ubingwa wa meno. Mwaka 1899 daktari Mmarekani Edward Angle alichapisha namna ya kuainisha kasoro za mpangilio wa meno kwa kutazama jinsi magego ya kwanza ya kudumu ya juu na ya chini yanavyokutana. Mwaka 1900 alianzisha mjini St. Louis shule ya kwanza ya fani hiyo peke yake. Uainishaji wake, pamoja na marekebisho yaliyofuata, bado hufundishwa katika vyuo vya meno hadi leo.

Ni muhimu pia kueleza othodontia si nini. Si kazi ya kuyafanya meno ya watu wote yafanane. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mwanya wa meno ya mbele ya juu huhesabiwa kuwa urembo, na bingwa hana sababu ya kuuziba kwa kuwa tu upo. Utafiti wa Matilda Mtaya na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, uliwachunguza watoto wa shule 1,601 wenye umri wa miaka 12 hadi 14 katika wilaya za Kinondoni na Temeke. Watoto 63.8 kwa kila 100 walikuwa na angalau aina moja ya tofauti katika mpangilio wa meno. Takwimu hiyo haimaanishi kwamba karibu theluthi mbili ya watoto wanahitaji nyaya. Baadhi ya tofauti hizo ni ndogo, nyingine hazidhuru chochote, na chache huzuia mtoto kutafuna, kutamka, kusafisha meno au kufunga midomo, au huyaweka meno ya mbele katika hatari ya kuvunjika.

Kutofautisha makundi hayo ndiyo kazi ya kwanza ya bingwa. Kumwambia mgonjwa kwamba hahitaji tiba ni uamuzi wa kitaalamu kama ulivyo uamuzi wa kumtibu.

Kwa nini njia ni ndefu

Anayetazama nyaya mdomoni mwa mgonjwa huweza kudhani kwamba kazi ni kuvuta meno hadi yanyooke. Kwa kweli kinachosogezwa ni mfupa ulio hai. Jino halikupigiliwa tayani kama msumari kwenye mbao. Limeshikiliwa na nyuzinyuzi laini zilizo kati ya mzizi na mfupa. Jino linaposukumwa kwa nguvu ndogo na ya kudumu, upande unaobanwa hujitokeza seli zinazoyeyusha mfupa, na upande unaovutwa hujitokeza seli zinazojenga mfupa mpya. Kwa namna hiyo jino husafiri, kwa kawaida kiasi cha milimita moja kwa mwezi.

Nguvu ikizidi, damu haifiki kwenye nyuzi zile. Jino halisogei haraka zaidi, bali hukwama, huuma, na mzizi wake huweza kuliwa na kuwa mfupi. Ndiyo sababu tiba ya nyaya kwa kawaida huchukua miezi 18 hadi 24, na baada yake mgonjwa huvaa kifaa cha kuyashikilia meno kiitwacho ritena, kwa sababu nyuzi za ufizi huelekea kuyarudisha meno yalikotoka.

Jambo la pili ni ukuaji. Uso wa mtoto hubadilika kila mwaka. Wasichana wengi huingia katika kipindi cha kukua kwa kasi kati ya miaka 10 na 12, na wavulana kama miaka miwili baadaye. Taya lililobaki nyuma linaweza kusaidiwa katika kipindi hicho kwa vifaa vinavyoelekeza ukuaji. Kipindi hicho kikipita, tofauti kubwa ya mataya kwa kawaida haiwezi kusahihishwa bila upasuaji. Bingwa hana budi kujua mtoto amefika wapi katika safari ya kukua, na hilo halisomwi kwa kuangalia meno peke yake.

Hatua za elimu

Hatua ya kwanza: sekondari. Mwanafunzi anahitaji kufaulu masomo ya sayansi Kidato cha Nne, kisha kusoma mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, maarufu kama PCB, kwa miaka miwili ya Kidato cha Tano na cha Sita. Nyanda za Juu Kusini zina shule za siku nyingi, zikiwamo Tosamaganga na Wasichana Iringa upande wa Iringa, na Loleza upande wa Mbeya. Mwanafunzi wa Mbeya au Iringa, kwa hiyo, anaweza kuianza njia hii karibu na kwao. Walimu wa sayansi wanashauriwa kumwambia mwanafunzi mapema kwamba fizikia si somo la kubeba kwa ajili ya mtihani tu: nguvu, mhimili na mwelekeo ndivyo vitakavyomwezesha siku moja kujua jino litaelekea wapi litakapovutwa.

Hatua ya pili: shahada ya kwanza. Shahada ya Udaktari wa Meno, ijulikanayo kwa kifupi kama DDS, huchukua miaka mitano. Mafunzo ya shahada hiyo nchini yalianza Muhimbili mwaka 1979, wakati Kitivo cha Tiba kilipokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitivo hicho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili mwaka 2007. Mwanafunzi huanza na sayansi za msingi za mwili wa binadamu, kisha hujifunza magonjwa, dawa, na hatimaye matibabu ya kinywa kwa mgonjwa mwenyewe. Othodontia huwa sehemu moja ya mafunzo hayo: kupima mpangilio wa meno, kutengeneza sanamu za plasta, kutumia vifaa rahisi vya kuvaa na kuvua, na kutambua mgonjwa wa kupelekwa kwa bingwa. Mhitimu wa hatua hii ni daktari wa meno kamili, lakini si bingwa wa othodontia.

Gharama huwavunja moyo wazazi wengi. Mwanafunzi anayestahili anaweza kuomba mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 kuna pia Ufadhili wa Samia kwa wanafunzi wanaofanya vizuri sana katika masomo ya sayansi.

Hatua ya tatu: utarajali na usajili. Mhitimu hufanya kazi hospitalini kwa mwaka mmoja chini ya usimamizi. Baada ya hapo husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo hutekeleza majukumu yake chini ya Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017. Bila usajili hakuna haki ya kumtibu mgonjwa, hata kama mtu ana cheti cha chuo ukutani.

Hatua ya nne: kazi ya udaktari wa kawaida. Madaktari wengi hufanya kazi kwa muda kabla ya kurudi chuoni. Anayepangiwa hospitali ya wilaya hushinda siku nzima akitibu meno yaliyooza, majipu ya kinywa na mataya yaliyovunjika kwa ajali za pikipiki. Haya yanaonekana kuwa mbali na othodontia, lakini siyo. Daktari aliyeng'oa magego mengi ya watoto anaelewa, kuliko kitabu kinavyoweza kumweleza, mahali ambapo msongamano wa meno huanzia.

Hatua ya tano: ubingwa. Shahada ya uzamili ya udaktari wa meno huko Muhimbili huchukua miaka mitatu, na chuo kina idara inayounganisha othodontia, meno ya watoto na afya ya kinywa ya jamii. Kwa kuwa fani zinazopokea wanafunzi hutangazwa na chuo kwa kila mwaka wa masomo, mwombaji hana budi kusoma tangazo la mwaka husika. Kwa miaka mingi Watanzania waliotaka othodontia yenyewe walilazimika kusoma nje ya nchi. Miongoni mwa vyuo vya Afrika vinavyotoa ubingwa huu ni Chuo Kikuu cha Western Cape, cha Pretoria na cha Witwatersrand, vyote vya Afrika Kusini, ambako mafunzo huchukua miaka minne.

Katika hatua hii mwanafunzi husoma ukuaji wa fuvu na uso, fizikia ya nguvu juu ya meno, usomaji wa picha za eksirei za kichwa zilizopigwa upande, na ushirikiano na madaktari wa upasuaji katika kuwatibu watoto waliozaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka. Huandika pia tasnifu ya utafiti wake. Hata hivyo, kiini cha mafunzo ni wagonjwa anaowaanza mwenyewe na kuwamaliza mwenyewe. Ikiwa tiba ya mgonjwa mmoja huchukua miaka miwili, mwanafunzi hawezi kuona mwanzo, makosa ya katikati, mwisho, na kinachotokea baada ya nyaya kutolewa, katika kozi ya mwaka mmoja. Hakuna chuo kinachoweza kufupisha muda huo, kwa kuwa mfupa hauna haraka.

Jumla yake, tangu Kidato cha Nne, ni miaka miwili ya sekondari ya juu, mitano ya shahada, mmoja wa utarajali na mitatu au minne ya ubingwa: miaka 11 au 12, bila kuhesabu miaka ya kazi iliyo katikati.

Njia inayopitia utabibu

Si kila bingwa alipitia Kidato cha Sita. Aliyefaulu masomo ya sayansi Kidato cha Nne anaweza kusomea Stashahada ya Utabibu wa Kinywa na Meno kwa miaka mitatu. Mbeya ni mmoja wa miji yenye chuo cha kufundisha matabibu hao. Tabibu mwenye ufaulu mzuri, unaotimiza vigezo vya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, anaweza kuomba nafasi katika shahada ya udaktari wa meno na kuendelea hadi ubingwa. Njia hii si ya mkato. Huongeza mwaka mmoja au zaidi, na anayeipita mara nyingi huwa na familia ya kutunza. Faida yake ni kwamba anafika darasani akiwa amekwishawagusa wagonjwa.

Asisahaulike pia mteknolojia wa maabara ya meno, ambaye hutengeneza vifaa vya kuvaa na kuvua pamoja na ritena. Bingwa anayepangiwa kazi mahali pasipo na mteknolojia wala eksirei hufanya sehemu tu ya kazi aliyoisomea.

Mtoto hasubiri

Hapa ndipo penye uzito wa somo hili. Mwanafunzi anayeingia Kidato cha Tano leo atakapokuwa bingwa, mtoto wa miaka minane wa leo atakuwa na miaka 19 au 20. Kipindi chake cha kukua kitakuwa kimepita. Kujenga mabingwa ni lazima, lakini hakumwokoi mtoto aliyeko kwenye benchi la kliniki asubuhi hii. Anayeweza kumwokoa ni tabibu au daktari wa meno aliyeko hapo tayari. Mambo yafuatayo yako ndani ya uwezo wake.

Kwa mtoto mchanga: katika maeneo kadhaa ya Tanzania huwapo imani kwamba uvimbe mweupe wa ufizi, uitwao meno ya nailoni au ya plastiki, husababisha homa na kuharisha, na kwamba dawa yake ni kuuchokoa. Kinachochokolewa ni chipukizi la chonge. Mtoto huweza kupata maambukizi makali, na chonge ya kudumu iliyo chini yake huweza kuharibika au kupotea. Muuguzi wa kliniki ya watoto ndiye wa kwanza kumweleza mama jambo hili, kwa upole na bila kumdharau.

Kabla ya miaka 6: gego la utotoni lililotoboka lizibwe badala ya kung'olewa, kila inapowezekana. Mbinu ya kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono na kuliziba bila mashine wala umeme ilibuniwa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na leo inatumika katika nchi nyingi duniani. Gego lililozibwa hutafuna, na pia hulinda nafasi ya jino litakalolirithi. Mtoto anayenyonya kidole asaidiwe kuacha kabla meno ya mbele ya kudumu hayajaota.

Kati ya miaka 6 na 7: gego la kwanza la kudumu huota nyuma ya meno yote ya utotoni, na hakuna jino linalong'oka kulipisha. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hulidhania kuwa la utotoni na huacha lioze. Kila mzazi aonyeshwe jino hilo mdomoni mwa mwanawe.

Kati ya miaka 7 na 9: atazamwe kama meno ya mbele ya juu yanafunga nyuma ya yale ya chini, kama taya husogea upande mmoja wakati wa kufunga kinywa, na kama mtoto hupumua kwa mdomo muda wote. Kila moja la mambo haya ni sababu ya kuomba ushauri wa bingwa.

Kwenye miaka 10: kidole kikipitishwa juu ya ufizi wa nje wa taya la juu, uvimbe wa chonge inayokuja hupapaswa pande zote mbili. Ukikosekana upande mmoja, mtoto apigwe eksirei.

Ikiwa gego la utotoni halina budi kung'olewa mapema, iandikwe katika kadi ni jino lipi na lini, mzazi aelezwe kuhusu kifaa cha kushikilia nafasi, na mtoto apangiwe tarehe ya kurudi. Rufaa hufuata ngazi zilizopo: hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa kama ya Iringa, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kisha Muhimbili. Barua ya rufaa yenye umri, historia ya meno yaliyong'olewa na picha humpunguzia mgonjwa safari moja ya Kitonga.

Jambo la mgonjwa kuuliza

Mijini hupatikana watu wanaouza na kubandika nyaya za urembo, bila eksirei na bila mafunzo. Waya uliobandikwa ovyo haujui kwamba ni wa urembo. Utasukuma jino vilevile, na mfupa utaitika vilevile. Kabla ya kukubali tiba, mgonjwa ana haki ya kuuliza: Mtoa huduma amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwa ngazi ipi? Picha za eksirei na sanamu za meno zitachukuliwa kabla ya kuanza? Tiba itachukua muda gani, na nani atanihudumia akihama? Baada ya nyaya kutolewa nitavaa nini? Mtaalamu wa kweli hachukizwi na maswali haya.

Hitimisho

Njia ya kuwa bingwa wa othodontia ni ndefu kwa sababu kazi yenyewe inafuata mwendo wa mfupa na ukuaji wa mtoto. Lakini faida ya elimu hiyo haianzi siku bingwa anapohitimu. Huanza pale tabibu wa Mufindi anapoziba gego badala ya kuling'oa, na mwalimu wa fizikia wa Mbeya anapomwonyesha mwanafunzi wake kwamba mlango upo. Bingwa akipatikana kesho, atawakuta watoto ambao kazi yao imekwishaanzwa vizuri.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mafunzo ya ubingwa wa othodontia hayawezi kukamilika kwa mwaka mmoja?
2. Taja hatua tano za kufikia ubingwa huo na muda wa kila hatua yenye muda maalumu.
3. Mtoto wa miaka 7 ana gego la pili la utotoni lililotoboka, lakini haliumi. Mzazi anaomba ling'olewe. Utamshauri nini, na kwa sababu gani?
4. Gego la kwanza la kudumu huota wapi, na kwa nini hupotea mapema kwa watoto wengi?
5. Katika kituo chako, ni nani atakayepapasa chonge za watoto wa miaka 10, na ataandika wapi alichokiona?